Tusiwalaumu wanafunzi kabla ya kukichunguza chuo

Mwanafunzi anapoanguka mtihani, swali la kwanza kuulizwa huwa ni hili: ana nini huyu? Mzazi huliuliza, mwalimu huliuliza, na hatimaye mwanafunzi mwenyewe hujiuliza. Ni nadra mtu kuuliza: je, chuo nacho kina nini? Nakusudia katika makala haya kuliuliza swali hilo la pili, nami nitatumia mfano wa mbali kidogo, yaani somo la Jiografia katika vyuo vya jamii nchini Marekani. Msomaji asistaajabu kumwona mtu wa isimu akijiingiza katika uwanja wa wenzake. Njia ya kuingilia darasa la Jiografia hupitia kwenye lugha, na lugha ndiyo kazi yangu.

Vyuo vya jamii ni taasisi ambazo sisi huku hatuna zinazolingana nazo hasa. Kikongwe miongoni mwa vile vya umma ni kile cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Jina lenyewe la "chuo cha jamii" lilienea baada ya mwaka 1947, wakati tume iliyoteuliwa na Rais Harry Truman ilipopendekeza elimu ya juu isogezwe karibu na wananchi. Vyuo hivyo hufundisha miaka miwili ya kwanza. Anayefaulu anaweza kuhamia chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu, au akachukua cheti cha kazi na kwenda zake.

California ndiyo yenye mfumo mkubwa kuliko yote: vyuo 116, na wanafunzi wanaokaribia milioni mbili. Mpango wa elimu wa jimbo hilo wa mwaka 1960 uligawa kazi waziwazi. Vyuo vikuu vya ngazi ya kwanza vilitengewa sehemu moja kwa nane ya wahitimu bora wa sekondari, vya ngazi ya pili vikapewa theluthi moja ya juu, na vyuo vya jamii vikaambiwa vimpokee kila anayebisha hodi. Kwa hiyo humo utamkuta kijana aliyemaliza sekondari jana, mama wa watoto watatu, mwanajeshi mstaafu, mhamiaji anayejifunza Kiingereza, na mfanyakazi wa ghala anayekuja darasani saa moja jioni na viatu vyake vya kazi.

Mlango huo uliofunguliwa wazi ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, kuingia ni jambo moja na kutoka na cheti mkononi ni jambo jingine. Kwa miaka mingi, kati ya wanafunzi wanaoanza masomo ya kutwa katika vyuo vya umma vya miaka miwili Marekani, wanaohitimu katika muda wa miaka mitatu wamekuwa chini ya theluthi moja au karibu nayo, ingawa wako wanaohamia vyuo vikuu kabla ya kuhitimu. Fauka ya hayo, wanaobaki njiani hawatoki sawasawa katika kila kundi. Wamarekani weusi, Walatino, maskini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma chuoni ndio wanaoumia zaidi.

Somo la Jiografia linaingiaje hapo? Wengi wa wanaolisoma katika vyuo hivyo hawana nia ya kuwa wanajiografia. Wanalisoma kwa sababu Jiografia ya maumbile, pamoja na mazoezi yake ya maabara, huhesabiwa kuwa mojawapo ya masomo ya sayansi ambayo kila mwanafunzi hutakiwa kupita. Mtu anayetaka kuwa mwalimu wa chekechea au mhasibu hukutana na Jiografia kama mto unaokata njia. Akishindwa kuvuka, safari yake nzima yaweza kukwama. Ndiyo maana idara ndogo ya wahadhiri wawili au watatu inaweza kuamua hatima ya mamia ya watu bila kujua.

Naam, bila kujua. Hilo ndilo jambo la kwanza lililobadilika. Vyuo vya California hupima kufaulu kwa njia nyepesi: hesabu wote walioandikishwa katika kozi, kisha hesabu waliopata alama ya A, B au C, au waliopasi pale pasipotolewa alama hizo. Aliyeacha kozi katikati huhesabiwa kuwa hakufaulu. Zamani idara ilitazama jumla tu. Tuseme kozi ina wanafunzi 200 na waliofaulu ni 120. Mhadhiri atasema asilimia 60 si haba, na kulala usingizi. Sasa tuigawanye jumla hiyo. Tukikuta katika kundi la kwanza la watu 100 walifaulu 70, na katika kundi la pili la watu 100 walifaulu 50, usingizi utapungua. Hamsini kwa sabini ni kama asilimia 71, na kanuni moja inayotumiwa sana huko husema kwamba kundi likipungukiwa na asilimia 80 ya kundi linaloongoza, basi kuna jambo la kuchunguzwa. Takwimu haimhukumu mtu yeyote. Humwonyesha mwalimu mahali pa kutazama, kama vile joto la mwili linavyomwonyesha daktari.

Hapo ndipo ubishi huanza. Wako wanaosema: huyu wa kundi la pili hakuandaliwa vyema sekondari, basi sisi tufanye nini? Nisingependa kuidharau hoja hiyo, kwani ina chembe ya ukweli. Lakini mambo mawili makubwa yaliyotendeka Marekani yanaonyesha kwamba chembe hiyo haitoshi.

La kwanza ni la mji wa New York. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya chuo kikuu cha mji huo vilianzisha mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma kutwa na kumwona mshauri wake mara kwa mara. Chuo nacho kililipa pengo la karo, kikampa vitabu na tikiti ya usafiri, na kikampangia mshauri asiyeelemewa na mamia ya watu. Watafiti wa taasisi ya MDRC waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje, ili mtu asije akasema kwamba waliofaulu ni wale waliokuwa hodari tangu mwanzo. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu ndani ya mpango walikuwa asilimia 40, na nje yake asilimia 22. Akili zao zilikuwa zile zile na sekondari walizotoka ni zile zile. Kilichotofautiana ni mpango wa chuo. Tena ilibainika kwamba, ingawa gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, gharama kwa kila mhitimu ilishuka, kwa kuwa fedha hazikuwa zikimwagika njiani.

La pili ni la California. Kwa miaka na mikaka, mwanafunzi aliyefanya vibaya katika mtihani wa kumpima alirudishwa kusoma Hisabati na Kiingereza cha matayarisho, muhula baada ya muhula, bila kuhesabiwa chochote katika digrii yake. Wengi walichoka wakaondoka. Sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2017, na kutekelezwa kikamilifu tangu mwaka 2019, ilivitaka vyuo vitazame zaidi alama za mwanafunzi za sekondari, na vimpe kila nafasi ya kuingia na kumaliza kozi ya kiwango cha chuo kikuu katika mwaka mmoja. Nyingine ya mwaka 2022 ikakaza kamba. Waliopita kozi hizo katika mwaka wa kwanza wakaongezeka sana, katika makundi yote. Ni haki kusema pia kwamba walioanguka katika kozi zenyewe waliongezeka, na kwamba pengo baina ya makundi halikuzibika. Sheria inaweza kumfikisha mtu mlangoni. Kumfundisha akiwa ndani hubaki kuwa kazi ya mwalimu.

Basi mwalimu wa Jiografia afanye nini? Nitataja mambo manne ambayo nimeyaona au ambayo utafiti umeyathibitisha.

Mosi, bei ya kitabu. Kitabu cha kiada huko huuzwa kwa bei ya kutisha, na mwanafunzi maskini hungoja mwisho wa mwezi kukinunua, wakati ambapo jaribio la kwanza limeshampita. Tangu sheria ya mwaka 2016, vyuo vya California hutakiwa kuonyesha katika ratiba kozi zisizodai kitabu cha kununua, na mwaka 2021 jimbo lilitenga dola milioni 115 kuendeleza masomo ya namna hiyo. Jiografia ina bahati hapa. Ramani za serikali, picha za setilaiti, na hata programu ya QGIS ya kuchorea ramani hupatikana bure.

Pili, mpangilio wa kozi. Darasa lenye mitihani miwili mikubwa humfaa aliyekwisha kujua jinsi ya kujisomea. Utafiti wa Sarah Eddy na Kelly Hogan uliotolewa mwaka 2014, uliofanywa katika darasa la Biolojia huko North Carolina, ulionyesha kwamba kazi ndogondogo za kila wiki na mazoezi ya darasani huwanufaisha wote, na zaidi wanafunzi weusi na wale wa kwanza katika familia zao kuingia chuoni. Uchambuzi mpana wa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti nyingi za masomo ya sayansi, ulikuta kwamba mafunzo ya kushirikisha hupunguza pengo la matokeo. Hakuna alama iliyogawiwa bure katika madarasa hayo. Kilichofanyika ni kumwonyesha mwanafunzi njia mapema, badala ya kumngoja mwishoni na rungu.

Tatu, ziara za nyanjani. Hakuna Jiografia bila kutoka nje. Lakini ziara ikipangwa Jumamosi, tena kwa nauli ya mwanafunzi, anayefanya kazi Jumamosi ameshaadhibiwa kabla ya kukosa. Mwalimu mwenye busara huanza na udongo wa uwanja wa chuo, na mtaro wa maji ulio nyuma ya maktaba, katika saa za kipindi.

Nne, yaliyomo katika somo yawe na uhusiano na makao ya mwanafunzi. Katika miaka ya 1930 shirika moja la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipaka mitaa rangi. Kijani ilikuwa salama kwa mikopo ya nyumba, nyekundu ni hatari, na waliokaa penye nyekundu mara nyingi walikuwa weusi na wahamiaji. Utafiti wa mwaka 2020 wa miji 108 ulikuta kwamba mitaa ile iliyopakwa nyekundu, hadi leo, ina joto la ardhi linalozidi la mitaa mingine kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi hivi, kwani haina miti na imejaa lami na saruji. Mpe mwanafunzi ramani hiyo ya mji wake mwenyewe, pamoja na kipimajoto, nawe utamfundisha tabianchi, historia na takwimu kwa siku moja. Hatasinzia.

Sasa nirejee kwenye uwanja wangu. Miaka michache iliyopita nilibahatika kuketi nyuma ya darasa la Jiografia katika chuo kimoja cha jamii cha California. Mhadhiri aliandika ubaoni maneno haya: sierra, mesa, caldera, arroyo. Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, baadhi yao wakihesabiwa kuwa dhaifu katika Kiingereza. Binti mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alicheka kidogo. Mhadhiri akamwuliza anacheka nini. Akajibu kwamba hayo si maneno magumu ya Kiingereza hata kidogo, bali ni vyombo vya nyumbani kwao: sierra ni msumeno, mesa ni meza, caldera ni chungu kikubwa cha kuchemshia, na arroyo ni kijito tu. Mara darasa zima likaona milima yenye meno ya msumeno, na kilima kilichokatwa kichwa kikawa bapa kama meza. Nami niliyekuwa nyuma nikatabasamu kwa sababu yangu, maana meza yetu ya Kiswahili, tuliyoitwaa kutoka kwa Wareno, ni ndugu wa mesa hiyo.

Funzo lake ni kubwa. Yule aliyedhaniwa kuwa na upungufu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Upungufu ulikuwa wa darasa, ambalo halikuwa limemwuliza.

Na kwetu je? Nilipokuwa sekondari tulikariri ukataji miti wa Kanada na ng'ombe wa maziwa wa Denmark, kwa Kiingereza, huku mwenzetu wa kutoka kaskazini mwa nchi akishangaa kwa nini ramani ina "relief". Kwake neno hilo lilikuwa magunia ya mahindi yanayoletwa kwa lori wakati wa ukame. Hakuna aliyemweleza kwamba katika ramani maana yake ni sura ya nchi, miinuko na mabonde yake. Alikosa swali, akaandikwa kuwa mzembe. Wakati huohuo mtoto wa pwani, ambaye babu yake alijua kusi na kaskazi kama vidole vyake, alifundishwa pepo za monsuni kama jambo geni, pasipo kuambiwa kwamba jina hilo la kigeni na neno letu msimu yana chimbuko moja la Kiarabu.

Kiswahili kinatusaidia hata katika kufikiri kuhusu mjadala wenyewe. Neno usawa tumelibebesha mizigo miwili. Kumpa kila mtu kitu kilekile ni usawa. Kumpa kila mtu kinachomwezesha kufika ni jambo jingine, nalo lina jina lake la kale ambalo tumelisahau: insafu. Usawa humpa kila mwanafunzi mtihani uleule. Insafu huhakikisha kwamba kila mmoja alikuwa na kitabu kabla ya mtihani huo, na kwamba lugha yake ilieleweka.

Huko Marekani kwenyewe jambo hili sasa limo mashakani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kuzingatia rangi katika kuchagua wanafunzi, uamuzi ambao haukuvigusa sana vyuo vya jamii, maana havichagui. Lakini mnamo Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri dhidi ya mipango ya namna hii serikalini, na Septemba mwaka huo Wizara ya Elimu ikatangaza kusimamisha takriban dola milioni 350 za ruzuku kwa vyuo vyenye wanafunzi wengi wa jamii za wachache, vikiwemo vile ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake ni Walatino. Vyuo vingi vya jamii vya California viko katika fungu hilo. Wanaotetea hatua hiyo husema si haki kugawa fedha kwa kutazama asili ya watu.

Hoja hiyo yastahili jibu, si matusi. Jibu langu ni kwamba karibu kila tiba niliyoitaja hapo juu humhudumia kila aliye darasani. Kitabu cha bure hakiulizi rangi ya msomaji. Jaribio la kila wiki humfaa mtoto wa tajiri pia. Kinachotazama makundi ni kipimo, na daktari akinyimwa kipimajoto homa haitoweki, ila tu hataijua. Kosa la baadhi ya vyuo, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba kuandika neno zuri katika mipango na kuunda kamati ni sawa na kufundisha vizuri. Neno likishambuliwa, wasiokuwa na kitu zaidi ya neno hubaki mikono mitupu. Idara iliyokwisha kubadilisha kozi zake itaendelea kufaulisha hata jina la mpango likifutwa.

Wasomaji wangu walimu, na nyinyi wanafunzi, hadithi hii ya mbali inatuhusu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, takriban robo tu ya watahiniwa walipata alama ya C+ au zaidi, inayowafungulia mlango wa chuo kikuu. Robo tatu nzima, mamia ya maelfu ya vijana, hutazamia vyuo vya kiufundi na taasisi nyingine. Tumezoea kuhesabu walioandikishwa. Ni vyuo vingapi vinavyohesabu waliotoka, na kuigawanya hesabu hiyo kwa kaunti, kwa jinsia, na kwa uwezo wa kulipa karo? Na pale hesabu inapofanywa, je, humfikia mwalimu wa somo, au hulala katika faili?

Hatuhitaji kungoja dola za mtu kuanza. Mwalimu mmoja, kwa daftari na kalamu, anaweza kuandika mwishoni mwa muhula ni nani waliomponyoka, na wiki ipi walianza kukosekana. Anaweza kuwafuata mapema. Anaweza kuwauliza wanafunzi wake huko kwao mvua, upepo na kilima huitwaje, kisha akajenga somo juu ya hayo. Nao wanafunzi wanaoweza kununua kitabu wanaweza kukisoma pamoja na asiyeweza.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tunapokiona chombo kikizama karibu na pwani, kabla ya kumlaumu abiria tuikague kwanza kazi ya muundaji.